Mtakatifu Spiridoni: Mchungaji wa Kondoo Anayetembezwa Mitaani Corfu



Ndugu wasomaji, safari hii tunawaletea maisha ya Mtakatifu Spiridoni, askofu wa Trimithunte katika kisiwa cha Kupro. Kanisa la Kilatini kwa desturi ya zamani lilimkumbuka tarehe 14 Desemba, na ndugu zetu Waorthodoksi humkumbuka tarehe 12 Desemba. Kwetu jina lake halijulikani sana, na ni nadra kukutana na mtoto aliyebatizwa kwa jina hilo. Lakini katika kisiwa cha Corfu, magharibi ya Ugiriki, ambacho Wagiriki wenyewe hukiita Kerkyra, ukiita Spyros sokoni watageuka wanaume wengi kwa mara moja. Huko mara nne kila mwaka masalia ya askofu huyu hutolewa kanisani na kutembezwa mitaani, naye amekwisha kufa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mwaka 2025 Kanisa limeadhimisha miaka 1,700 tangu Mtaguso wa Nikea, na mapokeo ya kale yanamhesabu Spiridoni miongoni mwa mababa walioketi pale. Pili, sisi tulio katika miaka ya falsafa tunashinda kutwa nzima tukipima hoja. Spiridoni hakuwa mtu wa hoja, na bado Kanisa limemkumbuka pamoja na walimu wakubwa wa imani. Jambo hilo linatuhusu.

Mchungaji aliyefanywa askofu

Spiridoni alizaliwa Kupro karibu na mwaka 270. Alikuwa mchungaji wa kondoo, akaoa, akapata binti aliyeitwa Irene. Baadaye watu wa mji wa Trimithunte walimtaka awe askofu wao. Wanahistoria wa Kanisa wa karne ya 5, Sokrate na Sozomeni, wanaandika habari moja ambayo haikusahaulika: alipopewa uaskofu hakuacha kuchunga. Aliendelea kutoka na kondoo wake kama zamani. Kwa hiyo neno mchungaji, ambalo sisi tunalitumia kwa mapadre na maaskofu bila hata kufikiri, kwake lilikuwa kweli kwa maana zote mbili.

Aliishi pia katika nyakati za dhuluma. Mapokeo ya Kilatini yanasimulia kwamba alikuwa mmoja wa waungama imani walioteswa chini ya Kaisari Maximiano, wakang'olewa jicho la kulia, wakakatwa mshipa wa mguu wa kushoto, kisha wakapelekwa kufanya kazi migodini. Ikiwa ni hivyo, basi mtu aliyeonekana Nikea akiwa na mavazi ya kijijini alikuwa amekwisha kulipa gharama ya imani kwa mwili wake kabla hajatakiwa kuieleza kwa maneno.

Usiku mmoja wezi waliingia zizini kuiba kondoo. Sokrate anasimulia kwamba walijikuta wamefungwa na nguvu wasiyoiona, wasiweze kuondoka. Alfajiri Spiridoni alipofika aliwakuta wamesimama palepale. Akawaombea, wakafunguliwa. Akawaonya kwa upole watafute riziki kwa kazi ya halali. Halafu akawapa kondoo dume mmoja wa kuondoka naye, ili wasije wakawa wamekesha usiku kucha bure.

Tutazame vizuri tendo hilo. Hakuwaita watu, hakuwatangaza kijijini, wala hakujifanya kwamba wizi si dhambi. Onyo lilitolewa, na kondoo akatolewa pia. Kwa kawaida sisi tunaweza kimoja tu kati ya hivyo viwili. Wengine ni hodari wa kuonya na wengine ni hodari wa kusamehe, na tunaona kama mambo haya yanapingana.

Sozomeni anaongeza habari za ghala lake. Alikuwa na desturi ya kugawa mavuno sehemu mbili: nyingine kwa maskini, nyingine kwa kuwakopesha wenye shida. Lakini hakupima yeye mwenyewe. Alimwonyesha mtu mlango wa ghala, akamwacha aingie achukue anachohitaji. Siku ya kurudisha, mkopaji aliingia tena peke yake na kurudisha kiasi alichosema amekopa. Hakukuwa na daftari wala mdhamini. Mwenye kujua vikundi vyetu vya kuweka na kukopa parokiani atatikisa kichwa, na ana haki. Hatusemi daftari zichomwe. Tunasema tu kwamba kwa Spiridoni maskini alikuwa kwanza mtu wa kuaminiwa, na imani hiyo ilikuwa sehemu ya sadaka.

Kwaresima, mgeni na nyama

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi wa maadili wangeweza kukijadili jioni nzima. Ilikuwa Kwaresima. Spiridoni na watu wa nyumbani kwake walikuwa na desturi ya kufunga siku kadhaa mfululizo bila kula kitu. Akaja msafiri, amechoka sana. Spiridoni akamwambia binti yake amwoshe mgeni miguu na kumpa chakula. Irene akajibu kwamba nyumbani hamna mkate wala unga, kwa kuwa ni mfungo. Spiridoni akasali, akamwomba Mungu msamaha, kisha akaagiza ipikwe nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Ilipoiva alikaa na mgeni mezani, akala yeye kwanza. Mgeni akakataa, akisema yeye ni Mkristo. Spiridoni akamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu zaidi ya kutokataa, kwa maana Neno la Mungu limefundisha kwamba kwa walio safi vyote ni safi.

Wengine husoma kisa hiki wakapata ruhusa ya kulegea. Lakini tuangalie mpangilio wake. Nyumba ile ilikuwa inafunga kweli, tena kwa ukali kuliko sisi. Na kabla ya kula, Spiridoni alipiga magoti. Aliijua sheria ya mfungo, akaipenda, na akajua imewekwa kwa ajili ya nini. Mtu asiyefunga kabisa hawezi kusema ameuvunja mfungo kwa ajili ya upendo.

Irene alikufa kabla ya baba yake. Rafiki mmoja alikuwa amemkabidhi pambo la thamani, naye kwa uangalifu akalificha ardhini bila kumwambia mtu. Mwenyewe aliporudi, alimdai baba kwa machozi na kwa lawama. Sokrate anaandika kwamba Spiridoni alikwenda kaburini, akamwomba Mungu amwonyeshe kabla ya wakati ufufuko ulioahidiwa. Akamwita binti yake kwa jina, naye akajibu akataja mahali pambo lilipofichwa. Likapatikana, likarudishwa kwa mwenyewe. Kila msomaji ana uhuru wa kupima muujiza huu. Sisi tunaona uchungu wa kisa: mzazi amefiwa na mwanawe, naye anakwenda kumwita, si kwa ajili ya kujifariji mwenyewe, bali ili amana ya mtu isipotee.

Nikea: mzee na mwanafalsafa

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea kwa sababu ya mafundisho ya Ario, aliyesema kwamba Mwana si sawa na Baba bali ni kiumbe, japo wa kwanza na mkuu kuliko vyote. Walikuja wasomi wengi, na pamoja nao wanafalsafa waliopenda mabishano. Rufino anasimulia kwamba mmoja wao, hodari wa maneno, aliwashinda kila walipomjibu. Mzee mmoja kati ya waungama imani, mtu asiye na elimu ya kusema, akaomba nafasi. Wengine waliona aibu, wakiogopa atachekwa. Yule mzee hakubishana. Aliikiri imani kwa ufupi: Mungu mmoja muumba wa yote, na Neno wake aliyefanyika mtu kwa Bikira, akafa, akafufuka, naye atakuja kuhukumu. Kisha akamwuliza mwanafalsafa kama anaamini. Mwanafalsafa akakubali, akawaeleza wenzake kwamba maneno yalipoletwa aliyajibu kwa maneno, lakini nguvu ilipotoka kinywani mwa mzee yule, maneno hayakuweza kushindana nayo.

Rufino hakutaja jina la mzee huyo. Mapokeo ya baadaye ndiyo yaliyosema ni Spiridoni, na ndiyo yaliyoongeza habari ya kigae: kwamba alishika kigae cha udongo mkononi, akakibana, na moto ukapanda juu, maji yakadondoka chini, udongo ukabaki kiganjani, vitatu vilivyokuwa kitu kimoja. Katika picha takatifu za Mashariki mara nyingi utamwona akishika kigae hicho, na kichwani amevaa kofia ya mchungaji iliyosukwa.

Hapa mwanafunzi wa falsafa ananyosha mkono, naye anayo haki ya kusikilizwa. Kigae kina sehemu, Mungu hana sehemu. Moto peke yake si kigae, lakini Mwana ni Mungu kamili. Mfano huo ukisukumwa mbali utatuangusha katika uzushi mwingine. Ni kweli. Ndiyo maana mtaguso haukuandika kigae katika Kanuni ya Imani, bali neno la Kigiriki homousios, yaani kwamba Mwana ana umungu uleule mmoja na Baba. Neno hilo lilitoka katika lugha ya wasomi, na Kanisa lililihitaji ili kuziba mianya yote ambayo Ario angeweza kupitia. Basi tusiseme kwamba Nikea urahisi uliishinda elimu. Atanasi na wenzake walifanya kazi ya akili kwa miaka mingi, tena kwa gharama ya kufukuzwa makwao. Baada ya Mtaguso wa Sardika, mwaka 343, jina la Spiridoni linaonekana katika orodha ya maaskofu wa Kupro waliosimama upande wa Atanasi. Mchungaji na msomi walikuwa wakilinda kitu kimoja.

Lakini kuna jambo ambalo hoja peke yake haikuliweza. Aliyeshindwa kwa hoja hutafuta hoja nyingine kesho. Yule mwanafalsafa hakuwa amekosa hoja. Alikuwa amekosa mtu wa kumwamini. Alipomwona mzee ambaye maneno yake na maisha yake yalikuwa kitu kimoja, akanyamaza.

Kisa cha mwisho cha Kupro ni cha lugha. Trifili, askofu wa Ledra, aliyesomea sheria Beirut, alikuwa akihubiri mbele ya maaskofu wenzake. Alipofika mahali ambapo Bwana anamwambia mwenye kupooza ajitwike kitanda chake, aliona neno la Injili ni la mitaani mno, akatumia neno lingine la heshima zaidi lenye maana ileile. Spiridoni akasimama, akamwuliza kama yeye ni bora kuliko aliyelitamka neno lile, hata aone haya kulitumia. Akaondoka kitini mbele ya watu wote. Trifili naye baadaye aliheshimiwa kuwa mtakatifu, kwa hiyo onyo halikumharibu. Sisi tunaorudi likizo parokiani na maneno mapya ya darasani tuna la kujifunza hapo. Mama wa jumuiya ndogondogo akituomba tumweleze somo la Dominika, asije akaondoka na maneno yetu badala ya somo.

Spiridoni alifariki karibu na mwaka 348, akazikwa Kupro.

Safari ya masalia

Katika karne ya 7, Waarabu walipoanza kuvamia Kupro, mwili wake ulihamishiwa Konstantinopoli. Ulikaa huko hadi mji ulipoanguka mikononi mwa Waturuki mwaka 1453. Padre mmoja, Georgios Kalochairetis, aliutoa mjini pamoja na mwili wa Mtakatifu Theodora, yule malkia aliyerudisha heshima ya picha takatifu mwaka 843. Inasimuliwa kwamba aliipakia miili hiyo juu ya mnyama wa mizigo kama magunia ya chakula cha wanyama, akavuka nchi kwa miaka kadhaa, hadi akafika Corfu, kisiwa kilichokuwa chini ya Venezia. Masalia yakawa urithi wa familia yake, kisha kwa ndoa yakapita kwa familia ya Voulgaris. Kanisa la sasa, lenye mnara mrefu wa kengele unaoonekana kutoka baharini, lilijengwa mwaka 1589.

Hivyo askofu wa Kupro, ambaye hatujui kama aliwahi hata kukanyaga Corfu akiwa hai, akawa mlinzi wa kisiwa.

Mwaka wa Corfu

Maandamano manne ya mwaka yana sababu zake, na kila moja ni kumbukumbu ya hofu fulani. Jumamosi Kuu wanakumbuka njaa ya karne ya 16, wakati meli za nafaka zilipofika bandarini bila kutarajiwa. Dominika ya Matawi wanakumbuka tauni ya mwaka 1629. Dominika ya kwanza ya Novemba wanakumbuka tauni nyingine, ya mwaka 1673. Na tarehe 11 Agosti wanakumbuka kuzingirwa kwa mji na Waturuki mwaka 1716.

Siku hizo mwili wa mtakatifu hubebwa ukiwa wima katika kiti chenye vioo. Wagonjwa huletwa kando ya njia. Viatu vyake vya kitambaa hubadilishwa, na watu husema vimechakaa kwa sababu mtakatifu hutembea usiku akiwatafuta wenye shida. Vipande vya viatu vya zamani hugawiwa waumini.

Mbele huenda bendi za matarumbeta, na bendi hizo zina historia yake. Uingereza ilipotawala visiwa vile, kuanzia 1815 hadi 1864, bendi ya jeshi ilikuwa ikipiga katika maandamano ya mtakatifu. Baadaye Waingereza wakaiondoa. Watu wa Corfu hawakukubali mtakatifu wao apite kimya. Mwaka 1840 wakaanzisha chama chao cha muziki, wakafundisha vijana wao bure. Mwongozaji wake, Nikolaos Mantzaros, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ugiriki. Hadi leo vijana wengi wa kisiwa hujifunza ala kwa sababu ya maandamano hayo.

Jumamosi Kuu asubuhi, baada ya maandamano, watu husimama barazani juu wakingoja saa 5. Kengele zikilia kutangaza ufufuko, mitungi ya udongo iliyojazwa maji hurushwa chini barabarani kwa kishindo, na mji mzima hushangilia. Usiku wa manane hukusanyika uwanjani na mishumaa, kisha kila mtu hujitahidi kuufikisha mwali nyumbani bila kuzimika. Vijijini, katikati ya mashamba ya mizeituni, kila kanisa lina sikukuu ya msimamizi wake. Baada ya ibada kuna nyama ya kuchoma, divai na ngoma ya kushikana mikono hadi usiku. Tarehe 12 Desemba yenyewe, kanisa la Spiridoni huwa wazi mchana na usiku, na watu hupanga foleni kuyaheshimu masalia.

Jeraha na dawa yake

Sisi Wakatoliki hatuwezi kusimulia habari hizi kama watazamaji wa mbali. Mwaka 1716 watawala wa Corfu walikuwa Wakatoliki wa Venezia, wananchi wengi walikuwa Waorthodoksi, na jemadari wa ulinzi, Schulenburg, alikuwa Mlutheri kutoka Ujerumani. Walipigana pamoja. Dhoruba kali ikapiga kambi ya Waturuki, nao wakaondoka ghafla. Wanahistoria hutaja pia ushindi wa Wakristo huko Petrovaradin mwezi uleule. Watu wa Corfu walimshukuru Spiridoni, na serikali ya Venezia ikaamuru maandamano ya kila mwaka. Vivaldi alitunga oratorio ya Yudithi kwa ajili ya ushindi huo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1718, radi ilipiga ghala la baruti katika Ngome Kongwe. Kamanda wa Venezia, Andrea Pisani, akafa katika mlipuko huo. Mapokeo ya Waorthodoksi yanasema Pisani alitaka kujenga altare ya Kilatini ndani ya kanisa la Spiridoni, na mtakatifu akakataa. Sisi si lazima tuamini kwamba Mungu aliwaua watu kwa baruti kwa ajili ya altare. Lakini tusikipuuze kisa chenyewe. Kinatuonyesha hofu ya watu waliotawaliwa, waliodhani kwamba wenye nguvu, ambao ni Wakristo wenzao, watawanyang'anya hata mahali pa kusali.

Mkono wa kulia wa Spiridoni ulikuwa umefika Roma tangu zamani. Mwaka 1984 ulirudishwa Corfu. Na jambo jingine: Wakatoliki wa Ugiriki huadhimisha Pasaka kwa tarehe ya Waorthodoksi. Wamekubali kufunga na kushangilia na jirani zao, ili nyumba moja yenye Mkatoliki na Mwothodoksi isiwe na Pasaka mbili. Mwaka 2025, mwaka wa Nikea, Pasaka ya Mashariki na ya Magharibi ziliangukia siku moja, tarehe 20 Aprili, duniani kote. Mwaka uliofuata zilitengana tena. Mtaguso uliotaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja bado unatudai.

Katika ukumbi wa darasa tunaweza kueleza chanzo cha utengano, na ni lazima tukieleze kwa ukweli. Lakini dawa yake inafanana zaidi na matendo ya Spiridoni: kumwamini mkopaji ghalani, kukaa mezani na mgeni, kumpa kondoo aliyekuja kuiba. Tunapojiandaa kuwa wachungaji, tumwombe atupatie akili iliyo wazi na moyo usiomwogopa jirani.

Mtakatifu Spiridoni, mchungaji na askofu, utuombee.